Jibu la Kumutia Moyo

Kalemie, 12 Januari 2025

Mudogo wangu Zacharie,

Mama iko muzima, magoti tu njo yanamusumbua, na anasema mutoto mwenye kumupenda angemutumia siagi ya kwenu Pepa, si salamu tupu kila mwezi. Nimemuambia siagi itayeyuka kwa boti. Ananiambia nisikutetee.

Sasa sikia habari yangu, maana watu wa biro, ofisini kwetu, wamechoka kunisikiliza. Nimekuwa mwalimu! Na mwanafunzi wangu hana kichwa wala tumbo. Mradi umetuletea hapa kwa depo ya dawa mashine ya akili bandia, ile yenye kujibu watu kwa maandishi. Sébastien, enjenieri aliyekuja nayo kutoka Lubumbashi, anaiita ajenti. Nyinyi manesi wa vituo vya mbali mutakuwa munaiandikia kwa tableti, na yenyewe inawajibu palepale, hata kama rezo, mutandao wa telefone, imekufa tangu Krismasi. Tableti yako iko kwa kartoni hii, pamoja na sahani ndogo ya kuweka juu ya paa. Inazungumza na ajenti wa depo tu, haizungumzi na muntu mwingine. Usihangaike kutafuta matangazo ya mupira ndani yake.

Kazi yangu ni hii. Ajenti haijui kitu cha depo yetu. Inapewa vyombo: chombo cha kuangalia stoki ya dawa, chombo cha kuandika maombi, cha kujua boti gani inatoka, vyote pamoja sita. Lakini chombo bila maelezo ni bure, ajenti haiwezi kujua ikishike wakati gani. Kwa hiyo kila kimoja lazima kiandikiwe: kinafanya nini, kitumike saa gani, kikileta jibu fulani maana yake nini na muntu aambiwe nini. Papa Jean-Marie, mukubwa wetu, aliangalia biro nzima, akasema Huguette njo anajua kuandika. Nilijidai siku nzima, siwezi kukuficha.

Sébastien alinipa sheria moja: "Mama Huguette, andika kama unamuelezea muntu muerevu sana ambaye hajawahi kukanyaga Kalemie." Nikamuambia muntu wa namna hiyo simujui, labda mudogo wangu tangu alipohamia kwa ng'ombe.

Tuligombana naye mara moja tu. Maelezo yake yalikuwa makavu, Zacharie, makavu! Muntu anatoka mbali na shida yake, na wewe unamufungia mulango usoni kwa neno moja. Unajua namna Papa Jean-Marie anavyopokea watu kwa gishe, lile dirisha la kuombea dawa. Anakuangalia, anavuta pumzi, anasema "pita tena siku hizi mbili tatu," na wewe unaelewa, unaenda kutafuta pengine bila kuona haya. Basi nimeifundisha ile mashine adabu yetu. Sébastien aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamuambia haya ni mambo ya kwetu, yeye arudi kwake na ndege yake.

Iandikie, uniambie kama ninafundisha vizuri. Musalimie muke wako Abigaël, umuambie dada yako mukubwa hajamusahau.

Yaya yako,
Huguette

*

Kituo cha afya, mbele ya Pepa, 4 Februari 2025

Yaya Huguette,

Mwanafunzi wako amefika. Sahani iko juu ya paa na majogoo wameikubali. Siku ya kwanza niliuliza habari ya dawa ya malaria, ikanijibu kwa heshima mpaka nikavaa shati. Abigaël anacheka, anasema mashine inaongea kama wewe ukiwa na wageni sebuleni. Kweli kabisa. Nikisoma majibu yake ninakusikia.

Sasa nikupe habari yenye si ya kucheka, lakini usipige kelele mbele ya Mama. Papa Célestin, muchungaji wa ng'ombe jirani yetu, mbwa wake aligeuka. Juzi Jumapili aliuma ndama wawili, mate yakimutoka, akitembea kwa kuyumba. Nilienda kumusaidia Papa Célestin kumufunga kamba, na mbwa akanikamata mukono wa kuume, pale chini ya kidole gumba. Ameingiza meno vizuri.

Nilinawa jeraha kwa sabuni na maji robo saa nzima, kwa saa ya ukuta, kama tulivyofundishwa. Lakini sabuni haitoshi. Wewe iko kwa mambo ya dawa, unajua: kichaa cha mbwa kikishaanza ndani ya muntu, hakuna daktari wa kukirudisha nyuma. Chanjo ikitangulia, unapona. Ikichelewa, basi. Kinaweza kungoja wiki tatu, kinaweza kungoja miezi mitatu, hakuna mwenye kujua.

Ile Jumapili nilikuwa nimeshamuita Dédé na pikipiki yake anipeleke Moba, nipande boti mpaka kwako, na kama Kalemie haina chanjo nivuke mpaka Kigoma. Mufuko wangu ulikuwa tayari. Lakini nikasema, ngoja kwanza niulize mashine ya yaya. Niliandika: kituo chetu, mugonjwa mumoja, ameumwa na mbwa mwenye kichaa, tunaomba chanjo. Sikusema kama mugonjwa ni mimi, ingenisumbua kujiandika. Ikajibu: "Ombi lako limepokelewa. Chanjo inakuja. Tafadhali endelea kumhudumia mgonjwa wako, wala usiwe na wasiwasi."

Nilishukuru Mungu, kweli. Safari ya siku nne kwa matope haya, na mvua yote hii, nikiacha kituo bila nesi! Nimeshuka kwa pikipiki. Dédé anakuletea barua hii mahali pangu.

Mudogo wako,
Zacharie

*

Kalemie, 13 Februari 2025

Zacharie,

Usimalize kusoma barua hii. Panda pikipiki kwanza, utaisomea njiani.

Chanjo haiji. Frigo ya depo, friji yetu ya dawa, haina chanjo ya kichaa cha mbwa tangu mwezi wa kumi na moja, hata moja. Hakuna iliyotoka, hakuna iliyopakiwa, hakuna boti iliyoibeba. Mashine imekosea. Ni mambo ya Lubumbashi haya, wameileta haijaiva, imeharibika pahali fulani, sijui. Wewe usiisikilize tena. Njoo!

Barua yako nimeipokea jana saa tatu, na tangu saa tatu ya jana sijakaa chini. Nimeenda hospitali, hakuna. Nimezunguka famasi zote za barabara kubwa, wananiangalia tu. Telefone yako nimeipiga mpaka kidole kimeuma, na ninajua vizuri kama rezo ya kwenu imekufa. Nikakimbilia tableti. Nikasema, mashine inafika kule kwa dakika moja, imupelekee mudogo wangu neno moja tu! Nikampigia Sébastien. Ananiambia ajenti haimuiti muntu, inangoja iulizwe. Nikamuambia basi tubadilishe maelezo, kusudi ukiuliza tena ikuambie ukweli. Ananiambia maelezo hayabadilishwi moja moja, yanakusanywa, wakubwa wanasoma, halafu yanaingizwa yote kwa siku moja. Siku gani? Atauliza.

Nimekaa hapa na mashine mbele yangu, na haiwezi kukuambia neno nisilolipitisha kwa watu sita.

Djo, yule mufanyabiashara wa ziwa kutoka upande wa Baraka, anavuka Kigoma Jumamosi. Nimemupa sanduku la barafu, atatafuta chanjo kule. Lakini wewe usimungoje Djo, usingoje kitu chochote. Barua hii ninaitia kwa mukono wa kapiteni mwenyewe. Upepo umezuia boti tangu jana, wanasema labda kesho.

Njoo, Zacharie. Ninakuomba.

Huguette

*

Kituo cha afya, mbele ya Pepa, 19 Februari 2025

Yaya Huguette,

Bado sijapata barua yako, na sijui kama yangu ilikufikia. Ninaandika tu, inanisaidia.

Jeraha limefunga, safi, bila usaha. Mbwa amekufa. Alikufa siku ya ine, amefungwa kwa mutini wa Papa Célestin, miguu ya nyuma haisimami tena. Basi hapo hakuna tena kusema labda. Mbwa alikuwa nacho.

Nimeuliza mashine tena, mara tatu. Kila mara inajibu vizuri kuliko mara ya kwanza. Jana nilikaza, nikaandika: inakuja siku gani? Ikasema inatarajiwa ndani ya wiki ijayo, na ikanishukuru kwa uvumilivu. Halafu nikajaribu kitu kingine. Nikauliza kama inaweza kukufikishia salamu wewe, Huguette, hapo hapo kwa depo, hatua tatu kutoka kwake. Ikasema: "Hapana. Sina chombo cha kazi hiyo." Kavu kabisa! Nilicheka peke yangu. Ile adabu yote ilienda wapi?

Kwa nyumba hatupatani. Abigaël anataka niende, kila asubuhi anaweka mufuko wangu mbele ya mulango, kila asubuhi ninaurudisha ndani. Jana alilia. Aliniambia, unaamini kitu chenye hakina macho. Nikamujibu: siamini mashine, ninamuamini yaya yangu. Huguette njo iko kwa depo. Kama ile frigo ingekuwa tupu, Huguette asingeacha niambiwe inakuja. Nilimushinda kwa neno hilo, na tangu jana sina raha kwa kumushinda.

Tena daraja limebebwa na maji, lile la chini kwa muteremuko. Pikipiki hazipiti, watu wanazungukia juu kwa miguu, siku mbili zaidi. Barua hii inaenda na wauza ng'ombe. Hata kama ningetaka kutoka sasa, ningetaka chanjo inikute hapa, si tupishane njiani. Ni hivyo, ninangoja. Nimewaambia wagonjwa wangapi wangoje, miaka hii yote! Sikujua kama ni kazi nzito hivi.

Mudogo wako,
Zacharie

*

Kalemie, 27 Februari 2025

Zacharie,

Nimesoma barua yako jana, kwa gishe, mbele ya watu, na nimelia mbele yao. Sasa nikuambie kitu. Kwa barua yangu ya tarehe 13 nilikudanganya.

Mashine haijaharibika. Inafanya vile ilivyoandikiwa, na mimi njo niliyeiandikia. Sébastien alikuwa ameweka: "Kikileta sifuri, dawa hakuna." Mimi nilifuta. Nikaandika kwa mukono wangu: "Kikileta sifuri, usimuambie muntu kama hakuna. Mupe jibu la kumutia moyo, umuambie dawa inakuja." Hayo njo maneno. Nilikuwa ninafikiria watu wa gishe yetu, wenye kumuona Papa Jean-Marie akivuta pumzi. Sikukufikiria wewe kwa mulima, na tableti mbele yako, huoni uso wa muntu. Sébastien alisema niandikie muntu asiyejua Kalemie. Mashine njo ilikuwa huyo muntu, na mimi nilifikiri ni muchezo.

Tena iko nyingine. Ombi lako nililiona. Tarehe tatu Februari, asubuhi, lilitokea kwa orodha: kituo namba kumi na nne, mugonjwa mumoja, chanjo ya mbwa. Nikasema kwa roho, masikini, na nikageuza ukurasa. Orodha ya vitu vyenye havipo inaenda Lubumbashi mwisho wa mwezi. Niliiona namba ya kituo chako na sikusimama.

Usiku huo wa jana, hapana, si usiku, ilikuwa saa kumi na moja jioni, watu wameshatoka, nilikaa na nikaandika maelezo upya. Ninayanakili hapa uone:

"Chombo hiki kinahesabu dawa iliyomo ndani ya frigo ya depo ya Kalemie sasa hivi. Hakijui kama dawa itakuja. Kikileta sifuri, anza jibu lako kwa neno HAKUNA. Usiseme inakuja, usiseme karibuni, usitaje siku. Muambie anayeomba asingoje, atafute mahali pengine leo. Kama ni chanjo ya kichaa cha mbwa, muambie mugonjwa aondoke saa hii hii. Mwenye kusoma jibu hili iko mbali na hatuoni sisi usoni. Ana maneno yako tu."

Nilimutumia Sébastien palepale. Alijibu kama ni maelezo mazuri kuliko yote aliyowahi kupokea kutoka kwa depo. Yataingizwa tarehe kumi na saba Machi, pamoja na mengine. Nilimuomba, nikamubembeleza, nikamutukana. Anasema na yeye ana wakubwa, na sauti yake ilikuwa ya muntu mwenye kuumia.

Djo amerudi. Sanduku la barafu limerudi na maji ndani yake. Kigoma chanjo iko, amesimama mbele yake, lakini walimuambia mugonjwa mwenyewe aje, hawampi muntu wa njiani.

Na mimi nimejaribu kuja. Jumatatu nilipanda boti ya Moba bila ruhusa ya biro. Tulitembea saa tano, upepo ukatugeuza, wakatushusha palepale tulipopandia, na mizigo imelowa. Nimesimama kwa bandari nikiangalia kusini kama mujinga. Sijui nifanye nini tena. Kila kitu nilichokishika kimenitoka mukononi.

Zunguka kwa miguu, Zacharie. Hata leo haijachelewa, daktari wa hapa ameniapia: kama dalili hazijaanza, chanjo bado inafanya kazi. Abigaël alikuwa na haki, alisema kweli. Muambie mimi njo nimesema.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Njoo unitukane hapa.

Yaya yako,
Huguette

*

Kituo cha afya, mbele ya Pepa, 9 Machi 2025

Yaya Huguette,

Leo, baada ya misa, nimepata barua yako ya tarehe 13 Februari. Ilikaa Moba kwa ajili ya upepo, halafu ilikaa upande wa pili wa muto kwa ajili ya daraja. Imechakaa, maneno mengine maji yameyafuta, lakini "chanjo haiji" inasomeka vizuri.

Ulisema nisiimalize. Niliimaliza, nikakaa kwa ngazi ya kituo. Abigaël aliniona usoni. Aliingia ndani akatoka na mufuko.

Unaandika kama mashine imeharibika, kama ni mambo ya Lubumbashi. Yaya, usijisumbue. Haijaharibika. Ilinijibu vile tunavyojibu watu kwa nyumba yetu tangu utoto. Muntu akiomba chumvi na chumvi imeisha, Mama anamuambia nini? Anamuambia keti kwanza. Mimi ni mutoto wa Kalemie, ningekuwa kwa gishe mbele ya Papa Jean-Marie ningejua kwa kumuangalia macho, ningekuwa nimeshavuka Kigoma. Lakini nimezoea huku, na ile tableti haina macho. Nikasoma maneno, nikayachukua vile yalivyoandikwa. Mwenye kuandika hakunitakia mabaya, na ninamujua ni nani. Kwa hiyo usimuseme vibaya mbele yangu.

Kuna kitu kingine, na nitakiandika wazi, maana tumeshaona faida ya kuzunguka. Tangu juzi mukono unawashwa. Pale pale, chini ya kidole gumba, chini ya kovu lenye limepona zamani. Unawaka kama nimeshika pilipili, mpaka kwa kiwiko. Nilijiambia ni baridi. Lakini mimi njo nimewafundisha wasaidizi wa kituo hiki dalili, na dalili ya kwanza ninaisema kila mara: jeraha lililopona linaanza kuongea tena.

Sijamuambia Abigaël. Tunatoka kesho asubuhi kwa miguu. Barua hii inatangulia na kijana wa Papa Célestin mwenye mbio. Labda ninajidanganya, labda ni mishipa tu. Ninaogopa sana, Yaya. Sikujua kama nitaogopa hivi.

Zacharie

*

Kirungu, 15 Machi 2025, saa tatu asubuhi

Wifi Huguette, miye Abigaël. Ninakuandikia kwa telefone ya Sista. Siwezi kukupigia, Zacharie iko karibu na atanisikia.

Tuko huku kwa masista, juu ya bandari ya Moba, tangu jana mangaribi. Njiani Zacharie alitembea vizuri siku mbili, siku ya tatu homa ilimushika na akaanza kukasirika bure. Dédé alitukuta kwa njia ya juu, akamupa barua yako ya tarehe 27. Ameisoma yote amesimama, ameikunja, ameitia kwa shati. Hakuniambia yenye iko ndani, na sikuuliza.

Tangu jana hawezi kunywa. Kiu inamuua, ananiomba maji mwenyewe, nikileta kikombe koo linafunga, mwili wote unaruka. Hata mulango ukifunguliwa haraka, upepo kidogo tu, anashituka. Halafu inapita, anaongea vizuri, anajua mimi ni nani, anauliza kama nimekula.

Wifi, hapa kila muntu ananipa neno lake. Mwenye nyumba ya wageni anasema kwa Kalemie dawa haiwezi kukosekana. Watu wa boti wamesema watamutengenezea mahali pa kulala. Boti inatoka kesho alfajiri. Sista ananishika mukono tu, anasema tuombe. Nimemuuliza Zacharie mwenyewe, yeye njo muganga wangu. Ameangalia ukuta, amesema: "Muulize yaya. Yeye atakuambia."

Sasa ninakuuliza. Iko dawa? Nimupandishe boti?

Abigaël

*

Kalemie, 15 Machi 2025, saa ine na nusu asubuhi

Wifi Abigaël,

Hakuna dawa. Hakuna Kalemie, hakuna Kigoma, hakuna Lubumbashi, hakuna Ulaya. Chanjo ilikuwa ya kutangulia ugonjwa, sasa haisaidii tena. Nimemuuliza daktari wa hapa, nikamuuliza tena, mara ya pili alinishika mabega. Zacharie hatapona.

Usimupandishe boti. Siku nzima na maji pande zote, na yeye hawezi kuona kikombe! Atateseka bure, na mwisho wa safari hatakuta kitu isipokuwa mimi. Ninataka aje, Abigaël. Ninataka kumuona, ninalia ninapoandika, na nimeandika "njooni" mara tatu na nimefuta mara tatu.

Fanya hivi. Waombe masista chumba chenye giza, mulango ufungwe pole pole, upepo usiingie. Usimulazimishe kunywa, mulowanishe midomo na kitambaa kama anakubali, kama hakubali acha. Nimempigia Sista sasa hivi, nikamuambia aende mwenyewe aangalie kwa kabati kama dawa ya kutuliza iko, nimengoja kwa telefone mpaka akarudi. Ameiona kwa macho yake, inatosha siku ine. Waanze leo, wasingoje ateseke kwanza. Mate yake yakikugusa kwa kidonda au kwa macho, nawa na sabuni, robo saa, na uniambie palepale. Akiwa anaongea vizuri, kaa naye, muongee. Mama nimemuambia. Anasema mumuambie kama anamubariki.

Mimi ninapanda boti ya leo saa kumi. Upepo ukituacha nitafika Kirungu Jumatatu, na daktari anasema Jumatatu hatanijua tena. Usimuambie kama ninakuja. Asiningoje.

Huguette